Ushindi Tuliouficha

Baba alikuwa askari wa magereza, na sisi watoto wake watatu tulizaliwa Jinja katika nyumba za askari, kwenye safu za vyumba vya bati ambamo kila familia ilikuja na lugha yake na wote tukakutana kwenye Kiswahili. Ndiyo maana naandika kwa lugha hii. Baba alitoka kaskazini, mama alikuwa Mgisu wa Wanale, na lugha za kwao tulizijua nusunusu. Watu wa mjini walituambia tunaongea kama jeshi, maana kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari.

Baba alikufa nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule muhula huohuo ili nimuuguze mama, ambaye tayari alikuwa na ugonjwa uleule, ule ambao wakati ule watu waliutaja kwa kushusha sauti hata wakiwa wawili tu chumbani. Mama alikaa mwaka mmoja na nusu, naye akaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na kumi na mitatu, na yule wa mwisho, msichana, alikuwa hajaanza kung'oka meno.

Kuna jambo moja la mazishi ya baba ambalo ni lazima nilieleze kwanza, maana bila hilo msomaji atatuona wapumbavu tu. Tulimzika kwao kaskazini. Siku ya tatu ya matanga ililetwa barua kutoka ofisini kwake, na mzee mmoja akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote, kama ilivyo desturi: marehemu alitumikia miaka kadhaa, watoto wake wana haki ya kiinua mgongo, waende na vyeti ofisi fulani. Watu wakapiga makofi madogo ya shukrani. Kabla wiki haijaisha baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa amekusanya vyeti vyote, na kiinua mgongo kile hatukukiona hadi leo. Mama alipokuwa akiugua aliwahi kuniambia, akiwa ameelekeza uso ukutani, "Ile barua ningeificha chini ya godoro. Ingekuwa yenu sasa." Nilimsimulia mdogo wangu wa kiume, na sote wawili tulilibeba neno lile.

Mama alipokufa tulitakiwa kuondoka kwenye nyumba ya serikali. Tukapanda Mbale, na mjomba akatupa chumba na jiko pale Wanale, chini ya ule mwamba mrefu, pamoja na kona ya miti ya kahawa ambayo mama alikuwa ameipanda alipokuwa msichana. Baba mdogo alikuja mara moja tu, na wanaume wawili, akamtaka mdogo wetu wa kike. Alisema mtoto wa ndugu yake ni wa kwao. Sote tulielewa alichokuwa akikihesabu: msichana hukua, na msichana akikua huleta ng'ombe. Mjomba alibishana naye mchana kutwa. Mwisho walikubaliana hivi, na niliyasikia maneno yao kwa masikio yangu.

"Akiwa shuleni, akae hapa na dada yake," alisema baba mdogo. "Siku atakapotoka shule, kwa sababu yoyote ile, nakuja kumchukua. Nisisikie maneno."

Kwa hiyo shule ya yule mtoto ilikuwa ndiyo ukuta wetu. Watu walidhani ninampendea elimu kwa sababu mimi niliikosa. Labda na hilo lilikuwamo. Lakini kila muhula nilipokwenda kumlipia, moyoni nilikuwa nalipia akae nami.

Nilipata kazi kwenye duka la jumla mjini Mbale, la mzee mmoja Mwislamu ambaye sote tulimwita Hajji. Nilipima sukari, nikahesabu maboksi ya sabuni, nikawaandikia risiti wenye maduka waliotoka vijijini. Miaka ikaenda. Mdogo wangu wa kiume alimaliza kidato cha nne, akajifunza kupiga chapa, akarudi Jinja, kwenye mitaa ileile ya maduka ya zamani ya Wahindi tuliyokulia karibu nayo, akaajiriwa na ofisi ya kupiga chapa na kutoa nakala. Mwishoni mwa miaka ya tisini mwenye ofisi alileta kompyuta iliyounganishwa na simu, na juu ya mlango akaandika kwamba hapa barua pepe zinapokelewa na kutumwa.

Siku hizi ni vigumu kumweleza kijana jinsi ilivyokuwa. Ofisi nzima ilikuwa na anwani moja tu. Mapadri, wachuuzi wa samaki, wanafunzi waliotafuta vyuo ng'ambo, wote walitumia anwani ileile. Asubuhi simu ilipigwa Kampala, barua zikashuka polepole, na mdogo wangu ndiye aliyezisoma kwanza ili ajue hii ni ya nani, azichape kwenye karatasi na kuziweka kwenye bahasha zenye majina ya wenyewe. Mtu alilipa kwa kila ukurasa.

Mwezi wa Januari, wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa, alikuja Wanale siku ya Jumamosi bila kutuma salamu. Mdogo wetu wa kike alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Aliingia jikoni, akafunga mlango, akatoa karatasi kutoka ndani ya soksi.

"Dada, kaa chini."

"Nimekaa. Umefukuzwa kazi?"

"Soma."

Nilisoma. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, lakini barua ilikuwa na maneno makubwa yaliyopangwa vizuri. Ilisema anwani hii imechaguliwa kati ya anwani za dunia nzima katika bahati nasibu ya nchi moja ya Ulaya. Kulikuwa na namba ya tiketi, namba ya kumbukumbu, namba ya faili, na kiasi cha dola ambacho sikuweza kukitamka.

"Hii ni ya nani?" niliuliza.

"Haina jina. Barua zote zina jina la mtu, hii haina. Anayeisoma ndiye mwenyewe. Nimeisoma mimi."

"Na mwenye ofisi?"

"Akijua atasema anwani ni yake. Mapadri nao watasema. Dada, angalia chini pale."

Chini pale palikuwa pameandikwa kwa herufi nzito kwamba kwa usalama wake mshindi asimweleze mtu yeyote habari hizi mpaka atakapokuwa amelipwa, kwa kuwa wamewahi kupata matatizo ya watu wasiohusika kudai haki za washindi.

Nataka niseme kweli kuhusu mstari huo. Ile hesabu ya dola sikuiamini. Ilikuwa kubwa mno hata kunitia tamaa. Zile namba zilinigusa kidogo, kwa sababu kila karatasi ya serikali tuliyowahi kushika ilikuwa na namba za namna hiyo. Lakini mstari ule wa kunyamaza ulinishika mkono. Nilimwona mzee akisoma barua kwa sauti kwenye matanga, nikayasikia yale makofi. Nikafikiri: hatimaye kuna ofisi duniani inayojua ndugu walivyo. Mdogo wangu alinitazama, nami nikamtazama, wala hapakuwa na haja ya kuelezana.

"Hata mtoto tusimwambie," nilisema. "Atasema shuleni."

"Hata mjomba."

"Hata mjomba."

Tuliposikia miguu ya mdogo wetu wa kike mlangoni niliisukuma karatasi chini ya kinu. Aliingia, akatuangalia kwa zamu. "Mnanipikia siri gani nyinyi?" alisema, na kaka yake akamjibu kwamba tunatafuta mchumba wa kumpa, naye akamrushia kaka yake ufagio, sote tukacheka.

Mdogo wangu aliporudi Jinja alijibu barua ile. Jibu lilikuja kesho yake, na hilo nalo tuliliona kama alama njema, sisi ambao ofisi zetu zilijibu baada ya mwaka kama zilijibu. Aliyeandika alijiita wakala wa madai. Alituita marafiki. Alitaka jina kamili, umri, kazi, picha mbili za pasipoti, na ada ya cheti cha ushindi, ambayo alisema haiwezi kukatwa kwenye zawadi kwa sababu zawadi imewekewa bima. Siku kumi zikipita bila ada, ushindi utapewa mtu mwingine.

Ada ile ilikaribiana sana na karo ya muhula wa kwanza niliyokuwa nimeikusanya tangu Agosti. Nilipiga hesabu za siku. Shule ingevumilia wiki tatu. Wao walisema watalipa ndani ya wiki mbili. Niliona nafasi ya wiki moja, nikasimama juu yake.

Nilikwenda kubadilisha shilingi kuwa dola saa ya chakula cha mchana. Hajji aliniona nikitoka.

"Binti, wewe na dola mmejuana lini?"

"Za mtu, Hajji. Amenituma."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Basi huyo Mtu Tu ana bahati, sisi wengine hatuna wa kumtuma," alisema, akarudi kwenye vitabu vyake. Neno moja tu lingetosha. Hajji alikuwa na mashine ya faksi kwa ajili ya bidhaa za Dubai, na baadaye nilijua kwamba barua za ushindi wa namna hiyo zilikuwa zikimjia mara kwa mara, kutoka nchi hii na ile. Alizikunja akazitia kwenye boksi la karatasi za kuwashia jiko. Mimi mwenyewe ndiye niliyewasha lile jiko la dukani kila asubuhi, na nilizichoma bila kuzifunua.

Mdogo wangu wa kiume alizituma dola zile, wiki mbili zikapita, kisha tatu. Wakala aliandika kwamba cheti kimetoka, hongera, kimebaki kitu kimoja tu, kodi ya kutoa fedha nje. Wiki ya nne mdogo wangu wa kike alirudishwa nyumbani saa nne asubuhi, na nilimkuta jioni amekaa kwenye kizingiti akisoma kitabu cha biolojia kana kwamba yuko darasani.

"Wamesema nikae hadi ulipe. Hukulipa, dada?"

"Hajji amechelewesha mshahara."

"Aa. Basi nitasoma hapahapa." Akageuza ukurasa. Hakuniuliza tena, na kutoniuliza kwake kulinitesa kuliko maswali.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama. Mimi niliona kwamba nikisimama, ada ya kwanza imepotea na mtoto yuko nje; nikienda hatua moja mbele, vyote viwili vinarudi. Ulikuwa mwezi wa Machi. Kahawa ya Wanale ilikuwa imechanua, miti myeupe kutoka chini hadi juu, na harufu ile tamu ilikuwa imeingia hadi kwenye nguo. Msimu huo hupita wanunuzi wa maua. Mnunuzi huangalia mti ulivyochanua, anakupa kiasi kidogo mkononi, na mavuno yatakapoiva ni yake yote. Wenye shida huuza hivyo, na jirani akikuona unatembea shambani na mnunuzi mwezi wa Machi anajua mambo yako yameharibika. Mama hakuwahi kuuza ua hata moja, hata mwaka ule aliokuwa akitapika kila alichokula. Mimi niliuza kona nzima. Pia nilimwomba Hajji mshahara wa miezi miwili mbele, akanipa bila kuuliza, na kwa sababu hakuuliza niliona haya kumtazama.

Mjomba alisikia habari za kahawa. "Una mgonjwa gani ambaye mimi simjui?" aliniuliza. Nilimwambia ni karo. Hakuridhika, lakini yeye ni mtu wa maneno machache.

Kodi tuliituma. Aprili wakala aliandika tena: fedha ziko uwanja wa ndege, zimezuiwa, panatakiwa hati ya kuthibitisha kwamba si za magendo. Safari hii aliongeza kwamba ameanza kuwa na wasiwasi na uaminifu wetu.

Mdogo wangu aliponisomea maneno hayo kwenye simu, nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha simu mjini, sauti yake ilikuwa kama ya mtoto. "Dada, anasema *sisi* hatuaminiki." Nikajua kwamba tumefika ukingoni, ingawa bado sikuwa na jina la kilichotupata. Nilimwambia asijibu. Siku iliyofuata nilipanda taksi ya asubuhi, yale magari madogo ya abiria, kwenda Jinja.

Pale Jinja alikuwapo bado rafiki wa baba, askari wa magereza wa siku nyingi, aliyekuwa akikaribia kustaafu. Alikuwa amekuja hadi kaskazini kumzika baba. Tulimkuta nje ya nyumba yake, amevua viatu, anapuliza vumbi kutoka kwenye redio yake. Alituletea viti. Nilimpa karatasi zote, akavaa miwani, akazisoma moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye paja.

"Wewe ulinunua tiketi lini?" alimuuliza mdogo wangu.

"Sikununua, afande. Wanachagua anwani."

"Hapana nunua tiketi." Akatikisa kichwa. "Mtu hapana ingia uwanjani, anafunga goli?"

Mdogo wangu aliziangalia karatasi pale pajani.

"Na hii nchi, iko na bahati nasibu ya serikali, iko na ofisi kubwa. Kwa nini huyu mkubwa anaandika kutoka anwani ya bure, kama yule mwanafunzi anatafuta chuo? Wewe unafanya kazi ya barua hizi. Hapana ona?"

"Niliona, afande. Nilidhani ni ya wakala tu."

"Haya. Dola ni laki nane. Wewe maskini, yeye tajiri. Kwa nini hapana kata hiyo ada kwa laki nane, analeta iliyobaki?"

"Sheria ya bima hairuhusu."

"Sheria ya nani? Baba yako amelinda wezi miaka kumi na minane, mwizi akimsalimia asubuhi alikuwa anahesabu vidole vyake kama viko vyote. Mtoto wake anaandikiwa na mwizi, anajibu 'mheshimiwa bwana.'" Alicheka peke yake, kisha akaacha. Aliona uso wangu. "Mwanangu, imekwenda ngapi?"

Nilimwambia. Nikamwambia na ya shule, na ya kahawa, na ya baba mdogo. Alivua miwani.

"Lakini nyinyi si watoto wajinga," alisema polepole. "Kwa nini hapana uliza mtu? Mimi niko hapa. Yule Hajji yako yuko."

Nikamwonyesha mstari wa kunyamaza kwenye karatasi ya kwanza. Alisoma, akaniangalia, na nilijua anakumbuka siku ya tatu ya matanga, kwa sababu siku ile yeye alikuwa amekaa karibu na mama.

"Hapa ndipo walipowashika," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Nililinda mtu wa kazi hii. Yeye alikuwa anaandika kwa mashine, anapeleka kwa posta, hizi kompyuta hazijakuja. Mtu mpole, anasali. Aliniambia, 'Afande, mimi sikimbizi mtu. Natuma barua, nangoja. Anayejibu ndiye wangu. Na akilipa mara moja atalipa mara mbili, kwa sababu anaifuata ile ya kwanza.' Na aliniambia neno la kwanza ni kumtenga mtu na watu wake. Akiuliza mke wake tu, amekwisha, samaki ametoka."

Alituambia tusijibu tena, hata kwa matusi, maana anayetukana bado anazungumza. Alitupeleka mwenyewe kituo cha polisi, ambako kijana mmoja aliandika habari zetu kwenye kitabu na kutuuliza nchi ile ya Ulaya inaandikwaje. Hakuna kilichotoka huko. Tukitembea kurudi, mdogo wangu alikuwa nyuma yetu hatua chache, na afande akaninong'oneza nisimwache peke yake wiki ile. Nililala Jinja siku tatu, sakafuni kwenye chumba chake. Siku ya pili alimwomba mwenye ofisi ampe mtu mwingine kazi ya kusoma barua, yeye abaki na kupiga chapa. Hakumwambia sababu.

Habari za mtoto kukaa nyumbani zilifika kaskazini kwa njia ya madereva wa malori ya kahawa na ya mihogo, kama habari zote zilivyofika. Baba mdogo alikuja mwezi wa Mei, wiki ambayo muhula wa pili ulikuwa unafunguliwa. Alikuwa amezeeka. Alikaa kwenye kiti cha mjomba, akakataa chai.

"Ameacha shule tangu lini?"

"Hajaacha," nilisema. "Amepumzika muhula mmoja."

"Karo iko wapi?"

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekuja kutoka Jinja kwa ajili ya siku hiyo. Nilimwona anafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Nilifanya biashara ya sukari, ikaharibika."

"Na kahawa ya mama yako?"

"Hiyohiyo biashara."

"Mwanamke na magunia," alisema baba mdogo, akamgeukia mjomba. "Umesikia. Sikuongeza neno langu hata moja."

Mjomba alijaribu. Alisema atauza mbuzi, atazungumza na mwalimu mkuu. Baba mdogo alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akarudia maneno waliyokubaliana miaka ile, yote, bila kukosea. Walikuwa wameyasema mbele ya watu, na watu wale bado walikuwa hai. Mjomba akainamisha kichwa.

Nilimsindikiza mdogo wangu wa kike hadi kwenye basi. Alikuwa amevaa sketi ya shule, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko nguo zake nyingine. Alikuwa na miaka kumi na minne.

"Dada, nitarudi muhula wa tatu?"

"Utarudi."

"Basi usimpe mtu kitanda changu."

"Nimpe nani?"

"Wewe unakoroma, unaweza kujipa mwenyewe." Alitaka nicheke, nami nikacheka. Baba mdogo alimwita kutoka mlangoni mwa basi, akapanda.

Muhula wa tatu nilikuwa na karo. Hajji alinikopesha nilipomweleza hatimaye, na ndipo aliponiambia habari za lile boksi la kuwashia jiko. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Kwa nini hukuniambia Januari?" Nilituma barua mbili kaskazini na ujumbe kwa dereva mmoja. Jibu lilikuja kwa mdomo, kwamba msichana ameshapata kwake.

Nilikwenda kumwona kaskazini Desemba ya mwaka uliofuata. Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, wa kiume, mwenye paji la uso la baba yetu. Mume wake alikuwa mtu mzima, fundi baiskeli, mtu asiye na maneno mabaya. Alinisalimia vizuri, akaenda zake kibandani ili tuzungumze. Mdogo wangu alikuwa amekonda mikononi. Alinipokea kama mgeni anavyopokewa, akanipa kiti na maji ya kunawa, na alipokuwa ananimiminia maji sikuweza kuvumilia. Nilimwambia yote. Nilianzia kwenye soksi ya kaka yake na kumalizia kwenye uongo wa sukari.

Alisikiliza huku akimnyonyesha mtoto. Hakulia.

"Siku ile niliyorudi kwenye kwaya," alisema. "Mlikuwa mnacheka."

"Ndiyo."

"Ilikuwa wapi?"

"Chini ya kinu."

Alimhamishia mtoto titi la pili. "Mwalimu wetu wa Kiingereza alitusomea barua kama hiyo mwaka ule, darasani. Mjomba wake alikuwa ameipata kwa posta. Tulicheka sana. Tulitafuta makosa, mimi nilipata saba." Akamfuta mtoto mdomo. "Nilikuwa nalala chumba kimoja na wewe."

Nilimwambia kwamba tuliogopa asije akasema shuleni.

"Ningesema," alijibu. "Ndiyo."

Alikwenda kukoroga uji, nami nikabaki na mtoto. Jua lilikuwa kali, kuku walikuwa chini ya ghala, na mume wake kule kibandani alikuwa akigonga rimu kwa nyundo. Nilikaa siku mbili. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani, mtoto akiwa mgongoni. Lori lilipopunguza mwendo alinishika kiwiko.

"Kikija kitu kingine, dada, barua, ugonjwa, mtu anayetaka kukuoa, chochote, niambie. Usipime kama kinanihusu."

Nilimwahidi. Kaka yake naye aliahidi nilipomfikishia maneno hayo, ingawa ilimchukua muda mrefu kumwandikia kwa mkono wake mwenyewe. Mimi ninamwandikia hadi sasa, na siku hizi tunatumia simu. Ujumbe wa ushindi ukinifikia, nao bado unafika, ninampelekea hivyohivyo ulivyo. Yeye hunijibu ametia alama kila palipokosewa, kisha huniuliza kama nimekula.